Mizani ya Pamba na Mizani ya Mwili

Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu, Masumbwe



 Wenzetu waliotutangulia wameeleza habari za bei, pembejeo, maghala na madeni, nao wamezieleza vema. Sisi tumeagizwa kusema juu ya jambo lisiloandikwa katika vitabu vya hesabu vya Chama, ingawa kila mwaka linakula mali ya wanachama. Nalo ni maradhi yanayoingia mwilini kimya kimya kwa sababu ya namna tunavyokula, tunavyokaa na tunavyotembea. Tutasema pia habari za mpango wa kubadili maisha ambao umekwisha kujaribiwa katika nchi kadhaa, ukaonekana kuwa waweza kuyazuia.

Huenda mwanachama akauliza: Ushirika una shughuli gani na kiuno cha mtu? Kanuni za ushirika zilizothibitishwa na vyama vya ushirika vya dunia nzima mwaka 1995 zataja elimu kuwa kanuni ya tano, na kuijali jamii kuwa kanuni ya saba. Lakini iko sababu iliyo karibu nasi zaidi. Mkulima akipooza upande mmoja wakati wa palizi, shamba lake halipaliliwi. Ng'ombe wake wa kulimia huuzwa ili apatikane wa kumsindikiza mgonjwa hadi Bugando, huko Mwanza. Na ule mkopo wa pembejeo aliouchukua huwaangukia wenzake waliomdhamini. Basi ugonjwa wa mmoja ni hasara ya kundi, na hasara ya kundi ni shughuli ya Ushirika.

Tukumbuke pia tulikotoka. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, walijiunga pamoja, na moja ya malalamiko yao makubwa lilikuwa juu ya mizani: mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi asijue kama uzito aliosomewa ulikuwa wa haki. Vyama vilipoungana, lile Shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa jina la Victoria likaandikishwa mwaka 1955. Wazee wetu walitufundisha ya kwamba mtu asiyeijua mizani yake hawezi kujua kama anapata au anapoteza. Fundisho hilo ndilo tunaloomba leo litumike juu ya miili yetu.

DALILI TANO

Mwili hugeuza chakula kuwa nguvu na kuweka akiba. Kazi hiyo huitwa umetaboli. Inapoharibika, dalili kadhaa huonekana pamoja, na kundi hilo la dalili wataalamu huliita sindromu ya kimetaboliki. Dalili zenyewe ni tano, nazo zote hupimika.

Ya kwanza ni kiuno kipana. Kipimo kinachopendekezwa kwa wakati huu kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara ni sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume, na sentimita 80 au zaidi kwa mwanamke. Ya pili ni shinikizo la damu lililofika 130 kwa kipimo cha juu, au 85 kwa kipimo cha chini. Ya tatu ni sukari ya damu iliyofika milimoli 5.6 kwa lita, mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula. Ya nne ni kuzidi kwa mafuta yaitwayo trigliseridi katika damu. Ya tano ni kupungua kwa ile lehemu njema ambayo husaidia kuisafisha mishipa. Mtu mwenye dalili tatu katika hizo tano huhesabiwa kuwa anayo hali hiyo, na hatari yake ya kupata kisukari, kiharusi na maradhi ya moyo ni kubwa kuliko ya mwenziwe asiye nayo.

Mfano wa ghala utatusaidia kuelewa. Chakula kikisha kusagika tumboni, sukari huingia katika damu. Kichocheo kiitwacho insulini, kitokacho katika kongosho, ni kama karani mwenye ufunguo: hufungua mlango ili sukari iingie katika misuli na ini. Mafuta yakijaa ndani ya tumbo na kuzunguka ini, mlango hukwama. Karani huongeza nguvu, naye kwa muda hufaulu. Lakini akichoka, mizigo hubaki uani, yaani sukari hubaki ndani ya damu, ikaharibu mishipa, macho, figo na miguu. Ubaya ni kwamba katika muda huo wote mtu haumwi kitu. Hulima, hucheka, huhudhuria mikutano. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hauonekani kwa macho, huonekana kwa kipimo.

NAMNA HALI HII ILIVYOTUFIKIA

Mwaka 1989 wataalamu wa Dar es Salaam wakiongozwa na Profesa Donald McLarty walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji sita vya Tanzania. Walipima watu zaidi ya 6,000, nao waliokuwa na kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 ukafanyika uchunguzi wa taifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64, mijini na vijijini. Safari hii wenye sukari iliyozidi walikuwa yapata tisa katika kila mia, na wenye shinikizo la juu la damu walikuwa kama robo. Vipimo viwili hivi havikufanywa kwa namna moja wala kwa watu wa umri mmoja, kwa hiyo haifai kutoa hesabu moja katika nyingine kama tutoavyo makato ya msimu. Hata hivyo, hapana shaka ya kwamba mambo yamebadilika.

Kinachobadilika ni nini? Wachunguzi wengine waliwafuata watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda kukaa Dar es Salaam, nao wakachapisha habari zao mwaka 2010. Katika muda wa mwaka mmoja tu wahamiaji waliongezeka uzito wa kilo mbili na ushei kwa wastani. Wanaume waliofanya kazi za nguvu, ambao walikuwa karibu wanane katika kumi walipokuwa kijijini, wakapungua hata kuwa chini ya watatu katika kumi. Na wanawake nao wakapungua. Damu yao na ukoo wao vilikuwa vilevile. Yaliyobadilika ni kazi na chakula.

Sisi wa Masumbwe hatukuhitaji kuhama ili tuone mji. Mji umetufuata. Fedha ya dhahabu na fedha ya mazao zimejenga vituo vya biashara kutoka Kahama hadi Ushirombo, na kutoka Runzewe hadi Katoro. Katika vituo hivyo chipsi, mandazi, sembe nyeupe na soda hupatikana tangu asubuhi hadi usiku. Njia iliyokuwa ikitembelewa kwa miguu sasa hupitwa kwa bodaboda. Hatusemi ya kwamba maendeleo ni mabaya. Bodaboda hiyo hiyo humfikisha mama mjamzito kituo cha afya. Twasema ya kwamba mwili haukuambiwa habari za mabadiliko haya. Bado unaweka akiba kama uliovuka mwaka wa njaa.

Wala si kila mwanachama yumo katika hatari hii. Yule ashikaye jembe tangu alfajiri, tena amekonda kwa kukosa chakula, shida yake ni nyingine, na haifai aambiwe apunguze kula. Tunaowasema zaidi ni wale ambao kazi yao imekuwa ya kukaa: makarani, makatibu, wenye maduka na karasha, waendeshaji wa bodaboda, na sisi viongozi wa vikao. Tunawasema pia wakulima wakati ule baada ya mauzo, ambapo jembe limepumzika na fedha imo mfukoni.

MPANGO ULIOJARIBIWA

Sasa twaja kwenye habari njema. Mwaka 1986, katika mji wa Daqing nchini China, zahanati 33 zilishiriki katika jaribio kwa watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kuwa kisukari. Wengine walifundishwa kula kwa kiasi, wengine mazoezi, wengine yote mawili, na wengine waliachwa na ushauri wa kawaida. Mafundisho yalidumu miaka sita. Watu hao walifuatwa kwa miaka 30, na taarifa ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa waliofundishwa walicheleweshewa kisukari kwa karibu miaka minne, na walipata maradhi ya moyo na kiharusi kwa uchache zaidi. Huko Finland watu 522 walifanyiwa jaribio kama hilo, na mwaka 2001 ikatangazwa kwamba hatari ya kisukari ilipungua kwa asilimia 58.

Marekani nao walipima watu 3,234, wakatoa matokeo mwaka 2002. Waliobadili maisha walipunguza hatari kwa asilimia 58, na waliopewa vidonge vya metformini waliipunguza kwa asilimia 31. Wataalamu hao waliitazama pia ile hali ya dalili tano. Kati ya wale ambao hawakuwa nayo mwanzoni, kubadili maisha kuliwapunguzia hatari ya kuipata kwa asilimia 41, na vidonge kwa asilimia 17.

Mtu atadhani ya kwamba walitakiwa kufanya mambo makubwa. La. Shabaha zao zilikuwa mbili tu: kupunguza asilimia saba ya uzito, na kutembea kwa haraka au kufanya kazi ya namna hiyo kwa dakika 150 kila juma. Mwenye kilo 90 alitakiwa kupunguza kilo sita na kidogo. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Namna ya kufika hapo ilikuwa masomo 16 katika muda wa majuma 24. Kupimwa uzito mara kwa mara. Kuandika alichokula mtu. Na kuwa na mwalimu wa kumwuliza maswali na kumtia moyo. Baadaye Wamarekani waliona ya kwamba mwalimu mmoja kwa mtu mmoja ni gharama kubwa, wakayaweka masomo hayo katika makundi, na tangu mwaka 2010 mpango huo umekuwa wa taifa lao.

Tutazame mambo hayo kwa macho ya wanaushirika: kukutana kwa siku maalumu, kupima mbele ya mashahidi, kuandika katika daftari, kuulizana mwenziwe alipokosa kufika, na kuweka shabaha ndogo inayofikika. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya kila msimu katika vyama vyetu vya msingi. Nchi nyingine zimelazimika kutafuta makundi ya kupeleka mpango huu. Sisi makundi tunayo tayari.

CHAKULA CHETU WENYEWE

Wengine huogopa ya kuwa kubadili chakula ni kununua vitu vya gharama. Habari kutoka Kilimanjaro yaonyesha vingine. Mwaka 2025 ilichapishwa taarifa ya wachunguzi wa Tanzania na Uholanzi waliofanya jaribio kwa vijana wa kiume 77 wenye afya. Wale waliozoea chakula cha asili cha ndizi, maharage, nafaka na mboga walipewa kwa majuma mawili chakula cha kizungu cha viwandani na cha kukaangwa. Na wale waliozoea hicho wakapewa cha asili. Kwa wa kwanza, alama za uvimbe wa ndani zilipanda katika damu, na chembe za kinga zikapungukiwa na uhodari. Kwa wa pili mambo yaligeuka kuwa mema, na baadhi ya faida ilionekana hata majuma manne baadaye. Hawa walikuwa vijana wazima, si wagonjwa, na muda ulikuwa mfupi. Lakini majuma mawili yakitosha kuleta tofauti katika damu, basi msimu mmoja si muda wa kudharauliwa.

Sisi pia tunacho chetu: ugali wa mtama, wa uwele au wa dona, kunde, choroko, dengu na njugu mawe, mlenda, majani ya maboga na nsansa, dagaa na samaki wa ziwa. Viazi vitamu na matobolwa ni vyakula vyema, ila navyo ni wanga, visiliwe juu ya ugali kama kwamba ni mboga. Karanga ni nzuri kwa kiganja kimoja. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali au wali, na robo iwe kunde au samaki. Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyomo katika vyakula vya dukani, isizidi kijiko kimoja cha chai. Na mtu ajue ya kwamba soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa. Ambaye hangethubutu kutia vijiko hivyo katika kikombe kimoja, huvinywa kwa pumzi mbili.

VIZUIZI

Kizuizi kikubwa si ujinga wa mambo haya. Ni macho ya watu. Kwetu kitambi kimehesabiwa kuwa dalili ya heshima, na mke aliyenenepa kuwa sifa ya mumewe. Tena, tangu ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia katika miaka ya 1980, mtu akipungua majirani hunong'onezana. Kwa hiyo mtu mmoja akijaribu peke yake hushindwa: akikataa soda arusini huambiwa ana maringo, na akipungua kilo tano huulizwa anaumwa nini. Watu kumi na watano wakipungua pamoja, na kijiji kikajua sababu, mnong'ono hukosa pa kukaa. Hiyo ni faida ya kundi ambayo hakuna kidonge kiwezacho kuileta.

Kizuizi cha pili kimo nyumbani. Bwana akihudhuria masomo peke yake, kisha akarudi kumwamuru mama apike vingine, ugomvi huingia jikoni. Basi yafaa mume na mke waalikwe pamoja, na mzigo wa kubadili chungu usiwe wa mama peke yake.

Na kizuizi cha tatu ni tumbaku. Baadhi yetu twailima, nayo hutupatia ada za shule. Hatuwezi kusimama hapa tukaificha. Lakini mwenye dalili hizi akiongeza moshi, huiharibu mishipa yake mara mbili. Kuilima ni biashara. Kuivuta ni hasara ya mvutaji mwenyewe.

MAPENDEKEZO YETU

Kwa hayo, Kamati yaomba Mkutano Mkuu ukubali mambo manne.

Kwanza, kila Chama cha Msingi kianzishe kundi moja la hiari la watu kumi na watano hivi, wake kwa waume. Likutane mara 16 kuanzia Julai hadi Desemba. Julai pamba huwa inauzwa, fedha ipo na kazi imepungua. Ifikapo Desemba watu wako shambani, na jembe lenyewe huwa mazoezi.

Pili, kila kundi lipewe mizani ya watu, utepe wa fundi cherehani, kipimo cha shinikizo la damu, na daftari. Kila mtu aandikwe kwa namba, si kwa jina, na daftari lifungiwe. Siri ya mwili wa mwanachama ilindwe kama tulindavyo fedha yake.

Tatu, pasiwe na kundi lisilo na mganga au mwuguzi wa zahanati au kituo cha afya cha karibu. Yeye atapima sukari na kuwatenga wanaohitaji matibabu kwanza. Mwenye dawa za shinikizo au kisukari asiziache wala kuzipunguza mwenyewe hata akijiona amepona. Dawa zikitakiwa kupunguzwa, mganga ndiye atakayesema. Mama mjamzito asiingie katika kupunguza uzito. Na mwenye maumivu ya kifua atazamwe kabla ya kuanza mazoezi.

Nne, vikao vyetu viwe vya kwanza kubadilika. Badala ya soda na mandazi, pawekwe maji, karanga na matunda ya msimu. Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati ule, aliwataka wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Viongozi wa Chama na watembee siku hiyo pamoja na wanachama, nao wasitangulie kwa gari.

Hatuahidi miujiza. Katika lile jaribio la Marekani, baada ya miaka kumi wengi walikuwa wamerudiwa na sehemu ya uzito wao. Hata hivyo, waliobadili maisha walikuwa bado wamepunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 34. Ni kama shamba: mwaka mmoja wa palizi hauyamalizi magugu, lakini aliyepalilia huvuna kuliko aliyeacha. Kwa sababu hiyo makundi yasivunjwe Desemba ikifika. Baada ya hapo yakutane walau mara moja kwa mwezi.

Ndugu wanachama, Chama hiki kimetimiza miaka kumi kwa kuwa watu walikubali kupimiwa kwa mizani moja na kuandikwa katika kitabu kimoja. Hazina yake ya kwanza si ghala wala gari. Ni mikono ya wakulima, nayo haiuzwi wala haiagizwi kutoka ng'ambo. Mapendekezo haya manne yako mbele yenu, na Mwenyekiti atayapigisha kura alasiri hii. Twawaomba mkubali, na kila Katibu arudi kwake akiwa na orodha ya majina kumi na matano, jina lake mwenyewe likiwa la kwanza.